Jina la Chupa

...na si kwamba hataki maziwa, maziwa anayataka, anachokataa ni chombo, Kyule alijiambia, amechuchumaa kwenye sakafu ya jikoni, kikombe mkononi, na mbele yake Muthoki ameketi mkekani, midomo ameibana kama mtu aliyekula kiapo, mwaka mmoja na miezi sita tu na tayari anajua kukataa bila kelele, amelitoa wapi hilo, kwangu au kwa mamake... hapana, si kwa mamake, Nthenya akikataa kitu mtaa mzima wa Umoja ulijua... kikombe chenyewe ni cha plastiki, cha manjano, kina masikio mawili, alikinunua Eastleigh jana kwa mwuzaji aitwaye Awale, aliyekigonga mezani mara tatu kuonyesha kwamba hakivunjiki, akasema, "Mtoto ataolewa, kikombe bado kipo," na Kyule akaitikia kwa kichwa, akijua kwamba kuvunjika si shida, shida iko juu ya kabati, imesimama wima, tupu, imeoshwa, chuchu imeelekea dari, na huko ndiko Muthoki anakotazama sasa hivi, ananyanyua mkono, ananyoosha kidole, na anasema, si kwa kulia, si kwa kuomba, anasema tu kama mtu aliyemwona anayemfahamu ng'ambo ya barabara, "Mama."

"Haya, ameanza!" sauti ya Bi Muhiba ikaingia kwa mlango wa nyuma uliokuwa wazi, jirani wa ukuta mmoja, yuko uani anaanika kanzu za mumewe Muhidin, vibanio vya nguo mdomoni, na hata hivyo anaweza kusema, "si nilikwambia uitupe tangu asubuhi, Baba Muthoki, chupa iko mbele ya macho yake halafu wataka anywe kikombe, wewe ungekunywa?" na Kyule akajibu, "Naiondoa sasa hivi, Bi Muhiba," na hakuiondoa, akakisogeza kikombe karibu zaidi na mdomo wa mtoto, maziwa ya vuguvugu, ameyapima kwa chupa kwanza ndipo akayamimina kikombeni, kwa sababu kikombe hakina mistari na yeye hawezi kumpa mtu kitu kisichopimwa, macho usawa wa maziwa, soma chini ya mbinuko, pale uso wa maziwa unapobonyea, ndivyo anavyofundisha vijana maabarani kule kiwanda cha rangi, na ndivyo alivyosoma chupa hiyo tangu siku ya kwanza ilipoingia nyumbani, Nthenya akiwa amesimama mlangoni hapo, amevaa tayari kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi, akicheka, "Wewe unapima maziwa ama unapima rangi?" na yeye akasema kuna tofauti gani, na Nthenya akasema, "Rangi hailii," akatoka, na harufu yake ikabaki hapo mlangoni kidogo, mafuta ya nazi na karatasi ya kaboni, vidole vyake siku zote vilikuwa na kaboni kwenye ncha, hata siku ile ya kwanza, mwaka wa themanini na tisa, alipompelekea ripoti yake ya kemia ya mwaka wa mwisho chuo kikuu aipige chapa, chumba cha juu karibu na River Road, mashine sita zinapiga kwa pamoja, na yule msichana mrefu wa mwisho dirishani akaitazama ukurasa kwa ukurasa, akamwuliza kwa Kikamba bila hata kujua kama anajua Kikamba, kwa nini vinamba vyako hivi vidogo unaviweka chini namna hii, vimekaa chini kama watoto walioketi sakafuni wakati wakubwa wamesimama, na yeye, ambaye alikuwa ameandika vinamba hivyo vya fomula kwa miaka mitatu, hakuwa ameviona mpaka siku ile...

"Mama," Muthoki akasema tena, sasa akimtazama yeye, kana kwamba yeye ndiye hajasikia, na Kyule akafungua mdomo kutoa lile jibu, lilikuwa limefika kwenye ulimi, lile analolitoa kila asubuhi na kila jioni, mama anakuja, ndivyo anavyosema akiisha kupasha maziwa, mama anakuja, anatikisa chupa, anajidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono, mama huyu hapa... akafunga mdomo, mtoto kafunga wake, wakatazamana, wawili wenye midomo iliyofungwa, na uani Bi Muhiba akawa anacheka na mtu wa juu ghorofani, akisema Baba Muthoki ni mwanasayansi, ana digrii, "na kikombe chamshinda, wallahi, kikombe cha plastiki," na Kyule hakuudhika, hawezi kuudhika na Bi Muhiba, ni yeye aliyefanya lile jambo, wiki ile... homa ya Nthenya ilianza Jumatatu kama mafua, Jumatano ikashuka kifuani, Ijumaa akalazwa, na Jumapili asubuhi muuguzi akamwita pembeni akamshika kiwiko, basi, kwa nini anakumbuka kiwiko, hakumbuki uso, hakumbuki maneno, anakumbuka kwamba mtu asiyemjua alimshika kiwiko... na Muthoki alikuwa na miezi saba, alizoea chupa mchana tu, usiku ulikuwa wa mamake, na nyumba ikajaa watu, na mtoto akawa hashiki chupa kabisa, siku ya kwanza, siku ya pili, shangazi wanapokezana, midomo imebanwa hivi hivi kama leo, mpaka Bi Muhiba akaingia bila kubisha, akaenda chumbani, akarudi na leso ya Nthenya, kanga ile aliyomletea mwenyewe kutoka Mombasa, haijafuliwa, akaizungushia chupa mpaka ikabaki chuchu peke yake, akamlaza mtoto kifuani, akaanza kumbembeleza, "Mama huyu, mama huyu, mama yuaja, mama huyu," na Muthoki akanusa, akafungua mdomo, akanywa, akanywa mpaka ikaisha, na wanawake wote sebuleni wakalia kwa shukrani, na Kyule aliyekuwa amesimama kwenye korido akiwa na orodha ya watakaosafiri Masii kwa mazishi akarudi chumbani akafunga mlango.

Hakuna aliyekosea hapo, mtoto alikunywa, mtoto yuko hai, ni jambo rahisi... ila leso ikaondoka na jina likabaki, na leso aliiondoa yeye, wiki ya tatu, alipoanza kufua mwenyewe, akailoweka pamoja na shuka na nepi, na alipokumbuka, mikono tayari ilikuwa ndani ya povu, na yeye mkemia, yeye anayejua sabuni hufanya nini kwa mafuta ya nazi, hatua kwa hatua anaijua, akaendelea kufua kwa sababu hakuna kingine cha kufanya na nguo iliyokwisha lowa... baada ya hapo akampa mtoto chupa bila leso, akiogopa, na Muthoki akaitazama chupa ile ya plastiki peke yake, akaishika kwa mikono miwili na kunywa, na miezi minne baadaye alipoanza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa hilo, na aliielekea chupa alipolisema, na Kyule hakumsahihisha, ukweli ni huo, yeye anayesahihisha makosa ya watu wazima mpaka nukta, aliliacha neno lile litembee nyumbani, mama mezani, mama kwenye mkoba, mama ameanguka chini ya kitanda, na jioni akitoka kazini, akiisha kumchukua mtoto kwa jirani, ni yeye mwenyewe aliyekuwa akisubiri mtoto aanze, aseme, ili yeye apate kujibu, mama anakuja... kwa nani alikuwa akilisema, mtoto alijua anachokiita, mtoto hakuwa amekosea hata kidogo, chupa iliitwa mama na chupa ilikuja, kila mara, kwa Muthoki sentensi ile ilikuwa kweli tupu, ni mmoja tu nyumbani humu aliyekuwa akijidanganya nayo, na huyo ana digrii.

"Anakunywa?" Bi Muhiba aliuliza, na Kyule akasema, "Bado," na Bi Muhiba akasema mtie kidogo kwenye mdomo wa chini, alambe, "akionja atashika mwenyewe, huyu si mtoto, ni chifu, anataka kubembelezwa na baraza zima," na akaongeza kwa sauti ya chini, kama asiyetaka sana isikike, "Meno, baba, meno ya mtoto ni ya kuchungwa," na Kyule akayaona tena yale meno, ya mbele juu, mawili, yana ukingo wa kahawia kama chai iliyokaukia kikombeni, aliyaona tangu Februari, akajiambia ni kivuli... na Alhamisi kliniki yule muuguzi mdogo, pini ya saa kifuani, akamfungua Muthoki mdomo kwa kidole, akasema, "Baba, huyu bado uko naye kwa chupa? Na analala nayo? Ona hii meno vile inaanza kuoza," halafu, akiandika kwenye kadi, bila kumtazama, "Kwani mamake ako wapi?" na kabla Kyule hajapata pumzi Muthoki akaugeukia mkoba uliokuwa kwenye benchi, chupa imechungulia mfukoni, akanyoosha kidole kwa furaha, akasema, "Mama!" na muuguzi akacheka, "Aki huyu mtoto!" na kinamama waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na yeye Kyule, hili ndilo analolala nalo, naye alicheka, alicheka pamoja nao, Nthenya akielekezwa kidole kwenye chupa ya plastiki, na yeye akacheka, akasaini kadi... na njia nzima kurudi nyumbani akawaza kwamba akiiondoa chupa basi neno litaondoka nayo, mtoto ataamka kesho hana cha kuita mama, na nyumba itakaa siku nzima, wiki nzima, bila mtu wa kulisema, na hiyo ndiyo sababu iko juu ya kabati wala haiko pipani, si kwa ajili ya Muthoki, Muthoki atakunywa kikombe leo jioni au kesho, njaa itamfundisha, watoto wote wa Umoja walifundishwa hivyo hivyo...

"Mama," akasema mtoto, mara ya tatu, na sasa kulikuwa na swali ndani yake, sauti ilipanda mwishoni kidogo, na Kyule akakitua kikombe mkekani kati yao, maziwa yakatikisika yakatulia, akasema, "Hapana. Hiyo ni chupa," na kule uani vibanio vikaacha kulia kwenye kamba, Bi Muhiba amesikia, "Chupa," Kyule akarudia, na Muthoki akamtazama midomo, "Mama yako..." na akakwama, kwa sababu ilibidi achague, aliitwa au anaitwa, mtu akifa jina lake linakwenda wakati gani, jina lile hajalitamka kwa sauti tangu kaburini, analo kichwani mchana kutwa lakini kwa sauti, mbele ya mtu, hapana, karibu mwaka mzima hapana, na sasa anaona si jina alilokuwa akilichunga, ni kimya... "Mama yako anaitwa Nthenya," alisema, na jina likatoka vizuri, jina tu, la mtu mrefu, na mtoto akangoja, na Kyule akaona kwamba hilo halitoshi, jina peke yake ni chombo kingine kitupu, lazima kitiwe kitu, lakini aanze na nini, kaboni, vinamba, dirisha la River Road, mtoto huyu wa mwaka na nusu atafanya nini na kaboni... "Mama alikuwa na miguu mikubwa," alisema, na akashangaa kusikia sauti yake inacheka, "mikubwa sana, Muthoki, viatu vya harusi tulivitafuta mji mzima, kila duka wanatuambia hakuna, siku mbili kabla ya kanisa hatuna viatu, nikamnunulia vya kiume, nikavipeleka kazini, nikavipaka rangi nyeupe kwa mkono wangu, mipako miwili, na gauni lilikuwa refu, hakuna mtu aliyejua, hata nyanya yako," na Muthoki akiwa ameketi vile vile, maziwa yako mbele yake hayajaguswa, macho yake usoni pa babake, akisikiliza kama anayeelewa, na kutoka uani sauti ikauliza, "Vya kiume, Baba Muthoki? Nthenya? Wacha!" na Kyule, bila kumwondolea mtoto macho, akajibu, "Namba tisa."