Barua za Majaribio kwa Ngendo

Wakiuru, mwenye kinu cha mpunga huko Mwea, alitaka seva ya kinu iwaandikie wateja barua pepe mara mchele wao unapokuwa tayari. Kazi hiyo alimpa Muriithi, fundi wa kompyuta kutoka Gakindu.

Muriithi aliiwekea ile seva ya Linux programu ya kutuma barua, akajitumia moja. Ikafika. Lakini anwani yake ilikuwa imeshaizoea seva hiyo, kwa hivyo hilo halikuwa ushahidi wa kutosha. Alihitaji anwani ya mtu mwingine, na iliyomjia kichwani ni ya Ngendo, ambayo alimfungulia yeye mwenyewe walipokuwa wachumba. Akajiambia kwamba ilishakufa, ingawa alijua vizuri kuwa anwani iliyokufa hurudisha barua.

Barua alizotuma huko hazikurudi. Seva ilisema zimetoka salama, na kwa kuwa hakuna aliyejibu, akaendelea kutuma.

"Jaribio. Imefika?"

"Jaribio tena. Samahani."

"Ukiiona hii, tafadhali jibu."

Mwishowe Ngendo, ambaye siku hizi ana duka la simu mjini Kenol, akajibu. "Nimezikuta zote kwenye barua taka. Tulipoachana hukuniandikia hata neno. Sasa unaniomba msamaha kwa jina la kinu cha mchele?"

Muriithi aliona aibu. Akaandika haraka, "Ni seva. Haijathibitisha kwamba ni yenyewe inayotuma, kwa hivyo barua zake haziaminiwi."

"Hilo nalielewa kabisa," alijibu Ngendo.

Muriithi akarudi kwenye mipangilio, akaweka saini ya kinu ambayo kila barua ingebeba ili ijulikane ni ya kweli. Kisha akatuma moja zaidi. Hii aliifikiria kwanza. "Ngendo, nilipaswa kukuandikia zamani. Muriithi."

"Imeingia mbele, pamoja na za watu wa maana," Ngendo aliandika. "Asante. Usitume nyingine."

Muriithi alikuwa bado anaisoma wakati Wakiuru alipoingia.

"Sasa barua zinafika?"

"Zinafika."

"Nani amesema?"

"Mtu mmoja wa Kenol."

"Ako na mpunga hapa kwetu?"

"Hapana. Hataki kitu."

"Basi mtoe huko, tusisumbue watu," alisema Wakiuru, akaenda kuangalia mashine. Muriithi akaifuta ile anwani, kisha akaanza kuingiza za wateja.