Vijiko vya Kapteni Sumaku

Dukani kwa Rudy Kovach, pale Cleveland, usithubutu kusema kuna kitabu cha katuni kinachokishinda Kapteni Sumaku, toleo la arobaini na moja. Ukisema, utatukanwa wewe, ladha yako na aliyekulea.

Toleo lenyewe lilitundikwa nyuma ya kaunta, limefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Ukilifungua kasha, thamani yote kwisha. Ndiyo mila ya wakusanyaji wa katuni: hununua kitabu ili wasikisome. Rudy alilinunua likiwa tayari kashani. Mara ya mwisho alipolisikia alikuwa na miaka mitano, kusoma hajui, kaka yake Emil akimsomea kitandani. Kesho yake mama yao akaitupa nakala ile na takataka.

"Jitu lina macho saba!" alihubiri kila Jumatano, siku vitabu vipya vinapoingia na wateja kujaa. "Linatafuna daraja! Kapteni anavuta vijiko vya mji mzima, vinamiminika madirishani kama nzige, hata kile cha mama kilichopinda mpini, vinalichoma macho!"

"Mama wa nani?" akauliza Denise Tolliver, mpeleka barua, mteja wa miaka mingi. "Na halafu?"

"Halafu nini? Hapo hujashiba?"

Denise alikuwa mpenzi wa kitabu kingine cha katuni, Malkia Nyuki, ambacho Rudy alikiita karatasi ya kufungia samaki. Jumatano hiyo uvumilivu ulimwisha.

"Mzee, maneno matupu hayavunji mfupa. Tusomee huo ukurasa wa vijiko. Ukiwepo, Malkia wangu namchoma moto mbele yako. Usipokuwepo, unamtundika hapo ukutani, na huo mdomo unaufunga."

Duka zima likamgeukia Rudy. Kukataa ilikuwa aibu kuliko kushindwa. Akachukua bisibisi, akalibandua kasha. Mtu mmoja huko nyuma akaguna kama yuko msibani.

Akasoma kwa sauti. Kapteni Sumaku amepoteza leseni ya gari. Anaitafuta chini ya kochi. Anapanga foleni. Shangazi yake anamkaangia mayai, kurasa tatu nzima. Lile jitu la kwenye jalada, chini ya maandishi LEO KAPTENI ANAKUFA!, kumbe ni sanamu ya maboksi kwenye maonyesho, na upepo ukaliangusha. Macho mawili, moja kombo. Leseni ilikuwa mfukoni.

"Vijiko?" Denise akauliza kwa upole wa kinafiki.

Rudy alipekua mpaka matangazo ya viatu. "Kipo kimoja. Shangazi anakorogea kahawa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Rudy uso ulimwaka kwa aibu, akatamani ardhi immeze. Ndipo akakikumbuka kile kijiko cha mpini uliopinda. Kilikuwa jikoni kwao. Emil ndiye aliyekipinda, akichimbia minyoo. Mchoraji gani angekijua?

Emil alikuwa mji wa Akron, akiuza mabafu. Miaka yote Rudy alimsema kuwa ni mtu asiye na hadithi hata moja mwilini. Waliongea Krismasi tu, tena habari za theluji. Rudy akashika simu, vicheko bado havijakwisha.

"Emil, lile jitu lilikuwa na macho mangapi?"

"Jitu gani? Mimi niko kazini, bwana." Kisha akashusha sauti. "Saba. Nilitaka manane, ukalia, nikapunguza moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, bwana mdogo? Kitabu kilikuwa kibovu, nawe ulikuwa na homa."

Rudy akawapa wateja mgongo.

"Kaka," akasema, neno ambalo hakulitumia tangu wote wawili wakiwa na nywele. "Mimi kwenye vijiko nilipitiwa na usingizi. Iliishaje?"

Akamsikia Emil akimwambia mtu, "Samahani mama, hilo bafu haliendi popote, nisubiri kidogo." Mlango ukafungwa. Kiti kikalia.

"Haya," Emil akasema. "Jitu limebaki na jicho moja."