Gololi ya Pili

Mama alitanguliza mguu wa kulia, akaketi, kisha akauvuta mlango wa gari taratibu kana kwamba kuna mtoto aliyelala. Binti yake, aliyesimama kando ya boneti na mikono imemjaa oili, alimtazama bila kupepesa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu Mama kulipanda gari hilo.

Miezi hiyo mitatu nyuma, wakienda kliniki ya figo, binti ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Kwenye njia panda ya malori alikanyaga mafuta ili wavuke, na gari likasita. Injini ilinguruma, lakini ile giaboksi ya otomatiki ilikwama kati ya gia ya kwanza na ya pili, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Lori lilipita nyuma yao likipiga honi, nusura ling'oe taa. Tangu siku hiyo Mama alikuwa akipanda basi mara tatu kwa wiki, na kila akirudi, miguu hoi, binti alijifanya ana kazi uani ili asimwone akishuka.

Ndipo akakata shauri. Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi mwaka uliopita, vyeti vyake bado vinanukia wino. Aliagiza springi ngumu zaidi, akalipandisha gari kwenye stendi mbele ya baraza, akafungua giaboksi kwa chini na kushusha valvu bodi, kile kipande chenye vijia vya oili vinavyopindapinda kama njia za mchwa. Alipanua matundu mawili kwa drili ili oili ipite upesi na gia ziingie kwa nguvu, bila kusita. Ndani ya vijia mlikuwa na gololi nane za chuma, na karatasi ya maelekezo ilisema arudishe saba tu. Alizigandisha kwa mafuta ya mgando ya Mama ya kujipaka, zisidondoke wakati wa kufunga. Ya nane aliiweka kwenye kifuniko cha chupa.

Kazi ilichukua siku mbili, na siku zote hizo Baba alikuwa upande wa pili wa baraza, amelifungua gurudumu la nyuma la baiskeli yake.

"Injinia," alimtania, "ukimaliza hilo, na hii baiskeli yangu uigeuze otomatiki. Magoti yamestaafu."

Sasa gari lilikuwa chini, limewashwa, gia zote zimeitika.

"Mkanda, Mama."

"Nimefunga. Twende kabla sijabadili nia."

Ndipo Baba alipotokea barazani na ufagio. "Injinia, nimekuokotea kitu chako. Kilibiringikia chini ya kiti."

Kiganjani mwake mlikuwa na gololi ya chuma, ndogo kama njegere.

Binti akakimbilia kifuniko cha chupa. Ya nane ilikuwamo. Akaziweka mbili bega kwa bega, akazipima kwa kipimio: sawasawa, hata unywele haukuzitofautisha. Akajaribu kukumbuka alivyozipanga. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kwenye ya tano Mama alimwita ampelekee maji. Aliporudi, alianzia ya sita, au alianzia ya saba?

"Unatafuta nini?" Mama aliuliza dirishani.

Ilikuwa saa tano na nusu, na kliniki ilimtaka Mama saa tisa. Gari lililokosa gololi moja lingeweza kwenda vizuri mtaa mzima, kisha likasita palepale njia panda. Au lisisite kabisa. Na Mama akishushwa leo, ni nani angempandisha tena?

Aliingiza mkono dirishani, akazima injini.

"Mama, shuka."

"Nini?"

"Shuka, tafadhali. Kuna gololi sina hakika nayo. Huenda ilipaswa kuwa ndani, na haimo."

"Aa, mwanangu," Baba alisema, "si limewaka vizuri? Usimtie mama yako hofu bure."

"Baba, sivuki pale kwa neno 'huenda'."

Mama akafungua mkanda, akashuka, akaelekea barazani bila kugeuka. Binti akapandisha jeki kwa hasira, machozi yakimlenga. Basi, imekwisha, alijiambia. Hatapanda tena.

Akasikia kitu kikiburutwa sakafuni. Mama alikuja na kigoda, akakiweka kando ya gurudumu, akaketi.

"Wewe onyesha, mimi nahesabu. Na leo siombi maji."

Bolti moja baada ya nyingine zililegea. Oili, ingali ya moto, ilimtiririka hadi kwenye kiwiko. Alishusha valvu bodi na kuilaza juu ya kitambaa. Akainua upande wa juu taratibu.

"Moja," Mama alihesabu, kidole chake kikifuata cha binti. "Mbili. Tatu. Nne. Tano." Kidole cha binti kilisita hapo, kisha kikasogea. "Sita. Saba."

Zote saba, kila moja kwenye shimo lake.

Upande wa pili wa baraza Baba alikohoa. Alikuwa ameinamia gurudumu lake, ufagio ungali kwapani.

"Humu," alisema, "kila upande hukaa tisa. Na huku... naona nane."

"Mzee!" Mama aligeuka na kigoda chake. "Umenishusha garini kwa gololi ya baiskeli?"

"Nilidhani nasaidia."

"Weka ufagio chini, usije ukatuokotea na ya tatu!"

Binti alicheka huku analia, akajifuta kwa bega maana mikono haikufaa.

Gari lilifungwa tena, na saa nane na robo walifika njia panda. Lori moja likapita, jingine likaonekana mbali. Mama alikuwa ameshika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili.

"Nenda," Mama alisema.

Akakanyaga. Gia ya kwanza ikavuta, na kabla hajapumua ya pili ikaingia kwa kishindo kifupi mgongoni, kama mtu aliyesukumwa na rafiki. Walikuwa wamevuka. Lori lilikuwa bado mbali.

"Linapiga teke," Mama alisema.

"Ni gia, Mama. Sasa haingojei."

Mama aliuachia mpini, kidole kimoja kimoja, akapakata mkoba wake.

"Keshokutwa," alisema, "ulisogeze mlangoni mapema. Sitaki kukimbizana na saa."