Karatasi ya Augustin

Cherehani ya Clothilde ilikwama Jumatano kabla ya Pasaka, saa tatu asubuhi, katikati ya mkono wa kanzu ya ishirini na moja. Kanzu za kwaya zilikuwa thelathini. Alikuwa amempa Padri neno lake kwamba Jumamosi mchana zote zitakuwa zimepigwa pasi. Asipotimiza, kazi ya kanisa, aliyoihangaikia mwaka mzima, ingekwenda kwa mshonaji mwingine.

Mshonaji huyo mwingine alikuwa Émilie, mke wa Augustin, kaka mkubwa wa mume wa Clothilde. Mashine zao zilikuwa pacha, zilizonunuliwa siku moja katika duka moja miaka miwili nyuma. Ya Émilie nayo ilikuwa imekwama tangu jana. Tofauti ilikuwa moja tu: Augustin alikuwa na karatasi ya dhamana ya duka.

Hakukawia kuja kuionyesha. Alisimama mlangoni na baiskeli yake, mashine ya mkewe imefungwa nyuma kwa kamba.

"Shemeji, ile siku nilikuambia nini? Garantie! Ukakatala. Sasa mimi naenda magazini, duka itatengeneza bure, kesho Émilie anashona. Na zile kanzu kumi, bon, ulete kwetu, tutakusaidia."

"Nenda, yaya," alisema Clothilde, kama aitwavyo kaka mkubwa. "Lakini usome mugongo wa karatasi njiani."

"Karatasi iko na mugongo? Iko samaki?" Akacheka hadi barabarani.

Clothilde hakucheka, wala hakujuta. Siku ile ya kununua, karani wa duka, kijana aliyeitwa Michel, aliwaambia kwamba kiwanda kinaichunga mashine mwaka wa kwanza bure. Kwa franka mia tatu na hamsini zaidi, duka lingeichunga miaka mingine mitatu.

"Sindano ikivunjika?" Clothilde alikuwa ameuliza.

"Sindano hapana, mama."

"Mukanda ukikatika?"

"Mukanda hapana."

"Alors, munatengeneza nini?"

"Chuma."

"Chuma kinavunjikaka?"

"Mama! Chuma ya Ulaya? Hata siku moja!"

"Bon. Umejibu mwenyewe."

Hata hivyo hakuamua pale dukani. Aliomba siku mbili, akazunguka mtaa wa Tshopo akiuliza kila mwenye cherehani: imewahi kusimama, na kwa sababu gani? Mashine zilikuwa saba. Tatu hazijawahi kusimama. Moja ilikatika mkanda. Tatu zilikwama kabisa, na wenyewe wote watatu walikuwa wakizitia mafuta ya mawese, kama walivyotia bawaba za mlango na mnyororo wa baiskeli. Wawili kati yao walikuwa na karatasi ya duka, na wote wawili walirudishwa, kwa kuwa nyuma yake, kwa herufi ndogo za Kifaransa, iliandikwa kwamba mafuta yasiyo ya mashine huvunja ahadi. Clothilde alikuwa amesoma shule ya masista. Herufi ndogo hazikumtisha. Zile franka alizinunulia kopo la mafuta ya mashine, mkanda wa akiba, sindano na bisibisi.

Sasa aliichukua bisibisi hiyo, akafungua bamba la chini. Ndani palikuwa na uji mzito wa rangi ya kutu, umechanganyika na vumbi la pamba. Akanusa kidole. Mawese.

Mama Julie, mama mkwe wake, alikuwa uani akichambua pondu, majani ya muhogo ya mboga. Alikuwa amekuja kutoka Yanonge mwezi mmoja kabla na dumu la mawese, akawa anakaa kwa wanawe kwa zamu: wiki kwa Basile, mume wa Clothilde, wiki kwa Augustin.

"Mama, ulitia mafuta mu mashini?"

"Ee, mutoto wangu. Ukiendaka soko asubuhi. Ilikuwa inalia, nikaihurumia. Na ya Émilie pia, siwezi kubagua. Mawese ya mupya, nilikamua mwenyewe!"

Clothilde alishukuru, kwa sababu jambo lilikuwa limethibitika. Kosa, aliona, lilikuwa lake pia: kopo lilikaa rafuni miaka miwili, wala hakumwambia mtu ni la nini.

Alimimina mafuta ya taa kwenye sahani, akachukua unyoya wa kuku, akaosha kila jino la chuma mpaka likang'aa. Akafuta, akatia tone moja moja kutoka kwenye kopo. Saa sita gurudumu lilizunguka kwa kidole kimoja. Jioni ile akamaliza kanzu ya ishirini na mbili.

Alhamisi mchana Augustin alirudi kutoka dukani, alikongoja zamu tangu jana, akiisukuma baiskeli, mashine bado nyuma. Basile akamuuliza kulikoni.

"Yule Michel alitia kidole, akanusa, akaita makarani wote. Eti, 'Tonton, hii mashini inashonaka nguo ao inapikaka pondu?' Wote wakacheka. Halafu akanionyesha mugongo wa karatasi."

"Kumbe iko nao," alisema Clothilde. "Weka mashini mezani, yaya. Mwite Émilie, nimwonyeshe. Na wewe mama, njoo uone."

Mara hii unyoya aliushika Mama Julie mwenyewe, akisugua kwa bidii ya mtu anayedai heshima yake. Gurudumu la mashine ya pili lilipoachia, Clothilde alihitaji kitu cha kujaribia mshono. Akanyoosha mkono kwa Augustin, aipate ile karatasi.

Augustin aliitazama karatasi, kisha akampa.

Sindano iliipita toka pembe hadi pembe, na matundu yakapangika kwa mstari ulionyooka kama rula.

"Inashona," alisema Clothilde. "Mia tatu na hamsini yako imefaa kitu."

Basile alicheka kwanza. Augustin hakuweza kujizuia, akafuata.

Usiku ule Clothilde na Émilie walishona kanzu zilizobaki, na Ijumaa Kuu mashine zilipumzika. Jumamosi saa nne Padri alihesabu kanzu thelathini, akageuza pindo la moja, asione kasoro. Akauliza kama Clothilde angeweza kushona na za Pentekoste.

"Hamsini nitaweza," alijibu. "Tuko na mashini mbili."