Sisimizi Hawasingizii Mtu

Nchi ilipofungwa kwa ajili ya korona, maduka ya dawa ya mji wa Kumilla yaliishiwa vijiti vya kupimia sukari. Mama Shirin hakubabaika. Mumewe, mzee Motaleb, alikuwa na kisukari tangu alipostaafu kazi ya reli, na mama mzazi wa Mama Shirin alikuwa amemfundisha bintiye kipimo cha zamani: palipo na sukari kwenye mkojo, sisimizi watakusanyika.

"Kuanzia leo choo chako ni cha uani," alisema. "Cha ndani ni changu. Nikiwaona sisimizi huko kwako, nitajua umedokoa."

"Miaka yote ya reli sijakaguliwa na sisimizi."

"Basi zoea, Baba Shirin."

Kila asubuhi aliinama uani akichungulia sakafu. Vitamu vyote vya nyumbani, na sukari guru pia, alivimaliza mwenyewe, kwa kujitolea, ili mume asije akatamani. Kisha akanywa maji. Alikunywa maji mno, akilaumu joto, na kutwa hakukauka chooni.

Motaleb alikula karela, mboga chungu ya kushusha sukari, asubuhi na jioni, akauzunguka ua mpaka kuku wakamchoka. Chooni kwake hakuonekana sisimizi hata wa dawa. Kijiti kimoja cha mwisho alikificha ndani ya kichupa chake, akingoja siku ya kusingiziwa.

Siku ikafika. Mama Shirin alitoka choo cha ndani mikono kiunoni.

"Umeingia chooni kwangu!"

"Mimi?"

"Sisimizi wamejaa tele, msafara mzima! Umekula nini, mwizi wewe?"

"Wallahi sijakanyaga humo."

"Nani basi? Tumo wawili tu humu. Au korona imekuja kukojoa?"

Motaleb alikileta kichupa chake na mashine ya kupimia kwa madaha, akatoa kijiti, akanyoosha kidole chake akichome. Mkewe alikuwa akimfokea huku anajimiminia gilasi ya tatu ya maji. Motaleb akaitazama gilasi, akakikunja kidole chake.

"Lete mkono," alisema.

"Wangu wa nini? Mgonjwa ni wewe."

"Lete, Mama Shirin."

Akamchoma. Mashine ikakaa kidogo, ikatoa mia nne na kumi na mbili. Sukari yake Motaleb haikuwahi kufika huko, hata alipofagia sinia zima la vitamu kwenye harusi ya Shirin.

"Imeharibika," alisema Mama Shirin.

"Ilikuwa nzima iliponisema mimi."

Motaleb alikuwa ameshinda, na hakuona raha yoyote. Aliogopa. Akampigia daktari simu, naye akasema mama aletwe hospitali sasa hivi, peke yake, maana wasindikizaji hawaruhusiwi ndani.

Gari la wagonjwa lilipofika, Mama Shirin alisimama mlangoni na barakoa yake, akageuka.

"Nikilazwa, nani atakuangalia wewe?"

"Sisimizi," alisema Motaleb, akamshika mkono mpaka garini.