Pembe za Mahindi ya Msaada

Kaltun alikuwa nje ya nyumba yake mjini Buna, akichambua mahindi ya njano, fukusi huku, punje kule, pembe zilipomwasha tena chini ya shashi ya kichwani. Ulikuwa mwaka wa 1992, mwaka wa ukame, na kila aliyekula mahindi ya msaada alikuwa ameota pembe zake. Mahindi hayo yalilimwa ng'ambo kunenepesha ng'ombe. Serikali iliyapima ikathibitisha kwamba yanafaa kuliwa, ila haikusema na nani. Mbuzi wa Buna waliyanusa wakaenda zao.

Asubuhi ile alikuwa anasafiri kwenda Garissa, ambako binti yake Ugbad alikuwa anajifungua mtoto wa kwanza. Mama hukaa na mzazi siku arobaini, na mzazi hulishwa samli ili apate nguvu na maziwa. Kaltun alibeba kibuyu kimoja. Ng'ombe wake walimwachia hicho tu kabla hawajafa.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliitazama shashi ilivyoinuka, akaomba kibali cha mifugo.

"Mimi ni mtu," alisema Kaltun. "Hizi pembe ni za mahindi yenu."

"Sikatai, mama. Lakini wilaya iko karantini. Chenye pembe hakivuki bila kibali."

Daktari wa mifugo alikuwa na hema lake hapo hapo. Alimchanja Kaltun, kwa upole kabisa, na Kaltun akashukuru, maana zahanati ya Buna haikuwahi kumpa hata kidonge. Kibali kilitolewa kwa sababu moja tu, kuchinjwa. Akaweka kidole gumba.

Samli ilizuiwa. Haikuwa na muhuri wa ubora, na mwananchi lazima alindwe, askari alieleza, huku akichovya mkate kwenye kibuyu. Lori la mahindi ya njano likapita kuelekea Buna. Askari aliinua kizuizi bila kusimama.

Huko Garissa alimkuta Ugbad amelala mkekani, mtoto akinyonya titi lisilotoa kitu.

"Hooyo, umeleta subag?" alimuuliza mama yake.

"Samli imebaki njiani."

Nyumbani mle hakukuwa na chakula kingine ila mgao uliofika jana, gunia la mahindi ya njano kando ya mlango. Mtoto alilia. Kaltun alikasirika, lakini hasira hailishi mzazi. Alilishika paji la uso la binti yake, laini bado, bila pembe, akalibusu kwa muda mrefu. Kisha akainjika sufuria.