Nusu Blanketi la Khahliso

Pini ya blanketi ilidondoka gizani, ting, juu ya sakafu. Ndivyo Mama Khahliso alivyojua kwamba bintiye ameamka. Mtoto alisimama karibu na jiko, akapitisha mkono juu ya kichwa kulitafuta sikio la upande wa pili. Hakulipata. Akajaribu na mkono mwingine. Tangu mwaka jana alikuwa akilikosa kwa upana wa vidole viwili, na asubuhi hiyo vilikuwa viwili vilevile. Shule ya Mokhotlong haimwandikishi mtoto ambaye mkono wake haujafika sikioni. Januari walikuwa wameshamrudisha nyumbani mara moja.

Kosa lilikuwa la blanketi. Kila mtu milimani kule anajua kwamba mstari wa blanketi husimama wima mwilini, ili mvaaji akue. La Khahliso lilifumwa mstari ukiwa umelala, na ukiligeuza linakuwa fupi, miguu inabaki kwenye baridi. Mama yake alilinunua kwa nusu bei dukani kwa Khoabane, likiwa limekunjwa ndani ya mfuko uliofungwa, na hakuna aliyemwambia neno. Tangu alivae, mtoto hakuwa amekua hata kucha.

"Una bahati wewe," alisema jirani yake, Mama Tsepiso. "Viatu vya mwaka juzi bado vinamtosha. Wangu anavila kama biskuti."

Siku hiyo Mama Khahliso alilipeleka blanketi dukani, pamoja na mabeseni mawili ya unga wa mkate uliokandwa. Moja alilifunika kwa blanketi, jingine kwa koti lake. Wakakaa, wakanywa chai. Chini ya koti unga uliumuka hadi ukamwagika. Chini ya blanketi ulilala vilevile alivyouacha.

Khoabane aliubonyeza kwa kidole. "Kweli, halikuzi," alisema. "Lakini mama, soma pale juu."

Ukutani paliandikwa: VYA PUNGUZO HAVIRUDISHWI.

"Nimesoma, baba. Na kwenye darasa letu la watu wazima jioni tumesoma sheria. Ulinipunguzia bei, hukuniambia lina kasoro. Nataka lingine, zima."

"Ungelipa bei nzima ningekupa zima, na chai nyingine juu yake."

"Kwa hiyo mwanangu akue nusu?"

"Si umelipa nusu?" alisema Khoabane, bila ubaya wowote, akachukua mkasi. Alitoa rafuni blanketi zuri, mstari wake umesimama, akalikata katikati kwa urefu. Kipande kimoja akampa, kingine akakikunja na kukirudisha rafuni.

Kipande hicho hakikutosha kumzunguka mtoto. Basi Mama Khahliso alilikata na lile la zamani, akaviunga viwili, kipya kushoto, cha zamani kulia. Alishona kwa mishono midogo midogo, huku akimweleza Khahliso kwamba darasa la kwanza lina dirisha kubwa, na anayekaa karibu nalo huona farasi wakipita.

Januari iliyofuata, walipokuwa wakienda shule, walipita mbele ya duka. Tangazo lilikuwa palepale. Mifuko iliyofungwa ilikuwa imepangwa hadi dirishani, na foleni ilifika barabarani. Mama Khahliso aliuvuta mkono wa kulia wa sweta ya mtoto, uliokuwa ukimfunika vidole, akaukunja mara mbili.

"Haya, bibi mdogo, tuone," alisema mwalimu.

Khahliso alipitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa. Ulilifikia sikio la kulia, ukalishika lote, ukabaki na nafasi ya kujikuna shingo.

"Safi kabisa! Huyu mlikuwa mmemficha wapi?"

Mwalimu aliandika jina lake lote daftarini. Mama Khahliso alishusha pumzi, akatazama dirisha. Lilikuwa kubwa kweli.

Khahliso aliinua mkono wa kulia, akaupitisha juu ya kichwa, akaushikilia hapo ulipoishia.

"Mwalimu, mkono huu bado."